Punje Sitini na Sita za Bibi Damari

Jumatatu, 7 Julai

Nimegonga rimu la gari, kengele yetu ya kanisa, saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida. Maombi: watu wanne, mmoja amesinzia. Kanisa nimefagia mwenyewe. Zamu ilikuwa ya kina mama, na kina mama hawakuonekana. Upepo umerudisha vumbi lote kabla sijaweka ufagio chini.

Nikawafuata. Nimewakuta kwa Bibi Damari, uwanjani kwake, wanapepeta uwele. Katikati yao sauti ya mwanamume inasoma Maandiko kwa Kigogo. Kigogo chetu hiki hiki. Nilidhani kuna mgeni. Kumbe redio, ndogo kama kipande cha sabuni, imening'inia shingoni mwa Bibi Damari kwa kamba. Ndani yake kadi ya memori. Neno lote, tangu kuumbwa kwa dunia hadi mwisho, limo kwenye kitu kidogo kama ukucha. Mjukuu wake anayefanya kazi Mtumba, kule kwenye ofisi za serikali, alimletea wakati wa Pasaka.

Nimesimama pale na ufagio mkononi. Kwa muda mrefu hakuna aliyeniona. Imeniuma.

Jumatano, 9 Julai

Wanaita kile kidude Mwinjilisti Mdogo. Maana yake mimi ni yule mkubwa. Mama Anna amecheka hadi akaweka mwiko chini. Mke wangu huyu.

Si kwamba nachukia redio. Lakini miaka yote kazi yangu ni kusimama kati. Mchungaji anakuja na pikipiki mara moja kwa mwezi kutoka Kibaigwa. Kwao ni Iringa. Kigogo chake kinaishia kwenye "mbukwenyi", na hata hiyo salamu anaivunja. Anasema sentensi, anangoja, mimi naigeuza. Wazee wetu wengi hawasomi, na Kiswahili cha kanisani kinawapita juu. Kwa hiyo ambacho hakijapita mdomoni mwangu, kwao hakijasemwa.

Nimezoea hivyo. Napenda hivyo, niseme ukweli. Sasa kuna mdomo mwingine, haukohoi wala hauendi shamba.

Jumapili, 13 Julai

Nimeumbuka.

Nilikuwa nahubiri mwenyewe. Nikasoma habari ya mpanzi na mbegu, nageuza huku nasoma kama siku zote. Kuna kipande katikati huwa nakiruka, kigumu kukigeuza. Nikakiruka. Bibi Damari, kule benchi la nyuma, akakisema. Taratibu, bila ubaya, kama mtu anayemsaidia mtoto aliyesahau shairi. Kina mama watatu wakamalizia pamoja naye. Watu wakacheka.

Sikucheka. Nilipotoka, mzee mmoja akaniambia kwamba mahubiri yangu ni mazuri ila ni marefu kuliko yale ya kwenye redio. Nikamjibu kwamba redio haina wajukuu wa kulisha. Jibu la ovyo. Sijui hata lilikuwa na maana gani.

Alhamisi, 17 Julai

Bibi Damari amekuja hapa nyumbani leo mchana. Kwa miguu, na magoti yale. Amekaa kwenye kigoda, amekunywa maji, ametulia. Halafu akauliza.

Amesema amesikiliza Maandiko yote, mwanzo hadi mwisho. Hajasikia mahali palipoandikwa kwamba mwanamke aliyemwaga unga kwenye kaburi la mumewe asirudi mezani pa Bwana. Anaomba nimwambie pako wapi, ili apasikilize vizuri.

Nikamwambia labda alisinzia.

Akafikiri. Hakukasirika. Akasema inawezekana, maana siku nyingine jua lilikuwa kali. Ameanza upya. Yuko njiani mara ya pili. Safari hii anakaa mbali na watu, na usingizi ukimjia anaizima.

Ameaga, ameondoka. Chakula cha mchana sikukigusa. Najisikia mchafu.

Ijumaa, 18 Julai

Naandika hapa kwa sababu sijawahi kumwambia mtu.

Miaka kumi na moja iliyopita mume wa Bibi Damari alifariki. Mwaka ule mvua ilikataa. Wakwe zake wakafanya tambiko kaburini, wakamtaka naye aende kama mke wa marehemu. Akaenda. Akamwaga unga kidogo na maji. Alisema alikwenda kwa heshima ya wakwe, si kwa kuabudu. Baraza la wazee wa kanisa likaketi na Mchungaji wa wakati ule, likamtenga. Barua ikaandikwa kwa Kiswahili. Nikatumwa mimi nikamsomee.

Barua ninayo. Nimeitoa kwenye faili leo, karatasi imeanza kuwa njano. Mistari sita tu. Inasema kwa mujibu wa kanuni za mtaa wetu wa kanisa anatengwa miezi sita, na ikiisha anakaribishwa aje aseme tu kwamba anataka kurudi. Basi. Hakuna kulia mbele za watu. Hakuna maneno makubwa.

Mimi nilimsomea nini? Nilimwambia Maandiko yenyewe yamesema. Kwamba mikono iliyoshika unga wa kaburini haiwezi kushika mkate wa Bwana. Nikasema hakuna kurudi. Nilitunga palepale, nimesimama mlangoni kwake, karatasi imefunguliwa mbele yangu kama kweli naisoma. Kisha nikairudisha mfukoni, nikasema ni mali ya faili.

Kwa nini? Nilikuwa mgeni kazini. Wiki mbili kabla ya hapo alicheka mahubiri yangu, na kanisa zima likacheka naye. Ndiyo sababu. Hakuna nyingine, nimeitafuta.

Nilikusudia kumrekebishia baada ya ile miezi sita. Mchungaji akahamishwa, mimi nikajifanya nimesahau. Watu wakadhani ni kiburi chake, hataki kuomba kurudi. Yeye akadhani ni hukumu ya Mungu. Kila meza inapoandaliwa anatoka nje, anakaa kwenye jiwe karibu na tangi la maji hadi tumalize. Miaka kumi na moja. Na hajaacha kuja kanisani hata Jumapili moja, isipokuwa ile aliyolazwa.

Mimi ningekuwa nimeshahama dini.

Jumanne, 22 Julai

Ujumbe umeingia kwenye grupu la WhatsApp la wainjilisti, kutoka ofisi ya juu. Kadi za memori na redio zenye Maandiko na mahubiri zikusanywe mitaani kote, zipelekwe kukaguliwa. Haijulikani nani ameziingiza na ameingiza nini. Waumini wasisikilize jambo ambalo halijapitishwa. Wainjilisti thelathini tumeweka alama ya dole gumba. Na mimi nimo.

Ofisi inatumia simu kukataza kadi za simu. Nimecheka peke yangu.

Halafu nikaacha kucheka. Nimeona njia. Nikichukua redio ya Bibi Damari kabla hajamaliza, hatajua kamwe. Wala si mimi nitakayekuwa nimemnyang'anya, ni ofisi. Nimefurahi. Naandika hivyo hivyo ilivyo: nimefurahi.

Jumamosi, 26 Julai

Nimezunguka na kopo tupu la maziwa ya unga. Nilitegemea ubishi. Hakuna. Watu wamenipa kadi zao huku wanatabasamu, wengine wamenikaribisha karanga. Nimepata kadi tisa kabla ya saa sita. Nikajisifu moyoni kwamba bado naheshimika.

Kwa Bibi Damari nimefika mwisho. Alikuwa amekaa kivulini peke yake, redio kifuani, macho amefumba. Nikadhani amesinzia. Akaniinulia mkono nisubiri. Nimesubiri nimesimama, mimi mwinjilisti, hadi msomaji akamaliza sura. Ndipo akazima, akanisalimu.

Pembeni yake vibuyu viwili. Hajui kusoma namba za kwenye kioo cha redio, kwa hiyo ametengeneza hesabu yake. Kila mara msomaji anapotaja kwamba kitabu kimeisha na kingine kinaanza, anadondosha punje ya mahindi kwenye kibuyu. Mzunguko wa pili anazihamisha moja moja kwenye kibuyu cha pili. Hivyo anajua yuko wapi na amebakiza safari gani.

Alipoingia ndani kuniletea togwa, nilizihesabu. Za kibuyu hiki na za kile, nikajumlisha. Sitini na sita.

Sitini na sita! Darasa la kipaimara, vijana waliomaliza kidato cha nne, nikiwauliza Maandiko yana vitabu vingapi, nusu wanakosa. Huyu ameyahesabu yote kwa masikio, huku anapepeta uwele, na hakukosea hata punje moja. Nimemvulia kofia. Kweli nilivua kofia, nimekaa nayo magotini kama mtoto wa shule.

Nikamweleza agizo. Akasikiliza. Akasema ofisi ni ofisi, hana ugomvi nayo. Ila ameomba jambo moja: punje zimebaki saba, nimwache amalize. Ijumaa nije nichukue.

Kopo lilikuwa kwapani. Mdomo wangu ukasema sawa.

Jumapili, 27 Julai

Kadi tisa ziko kabatini kwangu. Na sauti ya yule msomaji nimeisikia leo nyumba nne nikitoka kanisani. Nimeuliza. Kumbe walisharushiana masomo yote kwenye simu kabla sijapita. Kadi walizonipa ni maganda, karanga zimeliwa.

Nilipaswa kukasirika. Nimesimama njiani nikisikiliza. Kigogo kizuri kile. Anatamka maneno ambayo sijayasikia tangu bibi yangu afe.

Ijumaa, 1 Agosti

Amemaliza.

Sikwenda kuchukua. Yeye ndiye amepita hapa akitoka kisimani, ameniambia. Kibuyu cha kwanza kitupu, cha pili kimejaa. Hajapakuta. Amesema hivi, na nayaandika kama alivyosema:

"Mwanangu, mimi ni mzee, masikio yanaweza kunidanganya mara moja. Mara mbili hapana. Keshokutwa Mchungaji yupo. Nitamuuliza yeye, labda ofisini kwao wana punje ya sitini na saba."

Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Jumamosi, 2 Agosti

Naogopa.

Nimepiga hesabu zote. Atauliza kwa Kigogo, maana Kiswahili chake ni cha sokoni tu. Mchungaji hataelewa. Atanigeukia mimi. Naweza kugeuza swali likawa ombi la maombi. Waumini wanaojua lugha zote mbili watashangaa, lakini nani atasimama? Naweza kusema mama anasumbuliwa na uzee. Naweza kuumwa kesho.

Mama Anna ameniuliza nina nini. Nimesema malaria. Ameniwekea uji wa uwele, akanipapasa paji la uso, akasema hamna joto.

Huyu bibi alipewa uongo mmoja, akaubeba miaka kumi na moja bila kumlaani mtu. Halafu akapewa kidude cha kuning'iniza shingoni, akakaa chini, akatafuta ukweli neno kwa neno. Mara mbili. Mimi Maandiko ninayo nyumbani tangu ujana, na sijawahi kuyamaliza hata mara moja. Sitini na sita najua kwa kukariri.

Nimeitia barua kwenye mfuko wa koti. Sijui kama nitaitoa.

Jumapili, 3 Agosti

Niandike kwa mpangilio.

Kanisa limejaa, kama kawaida Mchungaji akiwepo. Nimesimama kushoto kwake, mahali pangu. Ukafika wakati wa meza. Waliotengwa wakaanza kutoka, watatu. Bibi Damari hakutoka. Mchungaji akauliza lile swali la desturi, kama kuna mwenye neno na mwenzake alitoe kabla hatujakaribia. Nikaligeuza. Huwa hakuna anayejibu, ni kama koma tu katikati ya ibada.

Bibi Damari akasimama. Redio shingoni, imezimwa. Akauliza lile lile. Kwamba aliambiwa ni Maandiko yamemfungia. Kwamba ameyasikiliza yote mara mbili, hajapasikia. Kwamba anamwomba Mchungaji ampasomee, apasikie kwa masikio yake, halafu atatoka nje kama siku zote na hatauliza tena.

Mchungaji akanitazama.

Nikageuza. Neno kwa neno. Sikuongeza wala kupunguza. Sidhani kama nimewahi kutafsiri vizuri vile.

Mchungaji akakunja uso. Akasema hakuna mahali pa namna hiyo. Nikaligeuza hilo. Bati likagongwa na upepo. Kisha akasema, muulize nani alimwambia.

Nikamuuliza. Mimi. Kwa Kigogo safi, nimemtazama usoni, nikamuuliza Bibi Damari ni nani aliyemwambia.

Hakujibu. Alinitazama tu, muda mrefu, bila hasira. Nikajua kwamba anajua, na kwamba hatanitaja. Angeweza kunimaliza kwa neno moja, mbele ya mke wangu na wanafunzi wangu wa kipaimara. Akaninyamazia. Hapo ndipo nilipokatika.

Nikasema ni mimi. Kwanza kwa Kigogo, ili asikie yeye mwanzo. Halafu Kiswahili, kwa Mchungaji. Nikatoa barua, nikaisoma mistari yote sita, lugha zote mbili, jinsi ilivyoandikwa. Nikaeleza niliongeza nini na kwa nini. Hata ile ya kuchekwa nimeisema. Nikashuka.

Mchungaji alikwenda mwenyewe hadi benchi la nyuma, akamshika Bibi Damari mkono, wakatembea pamoja hadi mbele, polepole, kwa sababu ya magoti. Mwalimu wa shule ya msingi akaitwa kutafsiri. Bibi Damari akapokea mkate, akapokea kikombe. Aliporudi kukaa, kina mama walianza vigelegele, wakajizuia, wakashindwa.

Nililia. Nilikuwa nimesimama nje kwenye jiwe la tangi, natazama kupitia dirishani, hakuna wa ndani aliyeniona.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimetengwa miezi sita. Kutafsiri hapana, mezani hapana, kugonga rimu naruhusiwa. Kanuni ile ile, kalamu nyingine. Ni haki.

Kabla hajaondoka jana Mchungaji alichukua lile kopo, akaomba asikilizishwe. Wakaiweka kadi moja kwenye redio ya Bibi Damari. Yeye Mchungaji haelewi, kwa hiyo Bibi Damari alikuwa anamweleza kwa Kiswahili chake cha sokoni, na Mchungaji anaitikia kwa kichwa, amefungua Maandiko yake analinganisha. Mwisho akasema ataiandikia ofisi kwamba za hapa ameshazikagua. Akanirudishia kopo niwagawie wenyewe. Ofisi itasema nini, sijui.

Mama Anna hajanisemesha tangu jana. Uji ameniwekea.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekaa benchi la nyuma, mahali pake. Mtu akikaa kule hasikii vizuri. Upepo unapiga bati, watoto wanalia, sauti ya mbele inafika vipande vipande. Sikuwahi kujua. Nilikuwa nahubiri kama wote wameketi benchi la kwanza.

Bibi Damari amekaa la tatu. Hakugeuka nyuma.

Mama Anna amenisemesha leo. Ameniambia nimekuwa mjinga. Nikakubali. Ameleta mlenda mzuri.

Jumanne, 12 Agosti

Bibi Damari amekuja. Nikampa shikamoo, nikamwekea kigoda kile kile. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya kuomba radhi. Nilisema tu, "Bibi, nisamehe."

Akavua redio shingoni, akanivika mimi. Kamba fupi, inanibana. Akaweka vibuyu viwili mbele ya miguu yangu, kimoja kimejaa punje, kimoja kitupu. Akasema:

"Sikiliza yote. Ukipakuta palipoandikwa kwamba nisikusamehe, uje uniambie."

Halafu akacheka. Kile kicheko chake cha miaka kumi na moja iliyopita, sawasawa. Nimekipokea.

Jumapili, 24 Agosti

Ibada imeisha mapema. Mwalimu anatafsiri kwa kifupi, watu wamempenda.

Mchana nimekaa kivulini nyuma ya nyumba. Mama Anna anachambua choroko, amesogeza ungo karibu asikie. Sauti ya yule mtu asiye na jina inasoma, kiongezo hamna. Nikizidiwa na usingizi naizima.

Leo punje ya tano. Nimeihamisha. Bado sijapakuta.